Nyaya Nne na Taa Moja ya Kijani

Ndugu zangu, habari hii nilisimuliwa na mtu anayeijua familia yenyewe. Jina la hospitali nimeliacha makusudi, maana kulitaja hakumsaidii mtu. Ninaomba jambo moja tu: usiitume mbele kabla hujaimaliza. Siku hizi tunatumiana vitu ambavyo hatujavisoma, na ugonjwa huo una undugu na huu ninaotaka kuusimulia.

Palikuwa na hospitali moja ya mkoa huko nyanda za juu, kwenye mvua nyingi na migomba mingi. Ilikuwa na majengo mawili. Jengo la zamani lilikuwa na mapokezi, maabara na chumba cha eksirei. Jengo jipya lilikuwa ng'ambo ya bustani, na humo mlikuwa na wodi na chumba cha upasuaji. Kila kilichopimwa upande mmoja kilitakiwa kusomwa upande wa pili.

Mkuu wa kompyuta na mitandao ya hospitali hiyo aliitwa Ambakisye Mwasomola. Kazini walimwita Injinia, na nyumbani kwao walimwita Amba. Alikuwa mtu mzuri, nalisema hili mapema ili usije ukamhukumu haraka. Alikuwa hodari, mcheshi, na hakuwahi kumkaripia mtu aliyesahau neno lake la siri, hata aliyelisahau jana na juzi.

Hapo mwanzo majengo hayo mawili yaliunganishwa kwa waya mmoja. Hospitali ilipoacha makaratasi na kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta, waya ule ukazidiwa. Daktari aliomba picha ya kifua cha mgonjwa, akaenda kunywa chai, akarudi, picha imefika nusu. Hata simu za mezani zilipita humo humo, zikawa zinakatakata maneno.

Injinia akaamua kuweka nyaya nne. Mimi si fundi wa mambo haya, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa. Kila jengo lina kisanduku chenye matundu mengi, na nyaya zote za kompyuta zinachomekwa humo. Mafundi wanakiita swichi, ingawa si ile ya kuwashia taa ukutani. Ukichomeka nyaya nne kati ya swichi mbili bila kuziambia kitu, habari inayotoka kwa waya huu inarudi kwa waya ule, inazunguka bila kufika, na mtandao wote unasongwa. Ndiyo maana swichi yenye akili huzifunga nyaya tatu na kuacha mmoja tu ufanye kazi. Umetandika nne, unatumia mmoja.

Dawa yake ni kuzifunga ziwe fungu. Unakaa na swichi ya upande huu, unaiambia kwamba nyaya hizi nne uzihesabu kuwa waya mmoja. Kisha unakwenda kwa swichi ya upande wa pili, unaiambia hivyo hivyo. Zikikubaliana pande zote mbili, mzigo unagawanywa. Na waya mmoja ukikatika, zilizobaki zinachukua kazi ya mwenzao hapo hapo. Aliyeko kwenye kompyuta hajui kama kuna kitu kimetokea.

Siku ya kuzindua, Injinia alisimama mbele ya wafanyakazi wenzake akiwa amevaa koti lake la harusi.

"Mama yangu amezaa wanne," alisema. "Ukiita kwa jina la ukoo, anaitika yeyote aliye karibu. Mmoja wetu akianguka, watatu wanabeba. Nyaya hizi nimezifundisha tabia ya nyumbani kwetu."

Watu wakapiga makofi. Mganga Mkuu, ambaye alikuwa mtu wa maswali, akauliza, "Na zikikatika zote?"

"Zote nne, Daktari? Labda siku hiyo hata hospitali yenyewe haipo."

Wakacheka. Ofisini kwake akaweka skrini ukutani, na katika skrini hiyo fungu lile la nyaya aliliwekea taa moja ya kijani. Kila asubuhi aliingia na kikombe chake cha chai, akatazama taa, akaketi.

Sasa, katika mwaka huo huo, mama yao alipatwa na kiharusi. Aliamka asubuhi upande wa kulia wa mwili umekufa ganzi, na maneno yake yamebaki machache mno, tena ya kuokoteza. Daktari aliwaambia wanawe neno moja la kulishika: mama huyu asiachwe alale ubavu mmoja muda mrefu. Ageuzwe mara kwa mara, usiku na mchana. Asipogeuzwa, nyama ya mgongo itaoza, na hicho ndicho kitakachomuua, si kiharusi.

Watoto wanne wakakutana nyumbani kwa mama. Ambakisye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzaliwa. Aliyemfuata, Gwakisa, alikuwa na duka la vipuri huko mpakani. Sekela alikuwa mwalimu katika mkoa wa jirani. Subilaga, binti kitinda mimba, alikuwa fundi cherehani, na nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa mama.

Ambakisye akapanga zamu. Kila mmoja angekaa na mama juma moja katika mwezi, na asiyeweza kuja angetafuta mtu wa kumshikia. Wote wakakubali. Wakaomba, wakala, wakafungua kundi la familia kwenye simu, wakaliita Wanne wa Mama.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, kwa kweli. Ambakisye mwenyewe alijifunza kumgeuza mama. Alijifunza kupitisha mkono chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, kumvuta taratibu huku anaongea naye, na kuweka mto mgongoni ili asirudi alikotoka. Mama alikuwa akimtazama mwanawe anavyotoka jasho, na upande ule wa mdomo uliobaki hai ulikuwa ukitabasamu.

Kisha kazi zikabana. Mwezi mmoja hospitali ilikuwa na wageni kutoka wizarani, na Ambakisye akampigia simu Subilaga.

"Mdogo wangu, nishikie juma langu hili moja. Nitalilipa."

"Sawa, kaka Amba. Usijali."

Mwezi uliofuata hakupiga simu. Aliona kwamba Gwakisa na Sekela wapo, na kwamba watu watatu wanatosha kwa mama mmoja. Hakuwaambia wenzake kwamba amejitoa, kwa sababu hakujiona kama amejitoa. Alijiona kama mtu aliyechelewa kidogo.

Lakini kila alfajiri, bila kukosa, aliandika kwenye kundi: "Mama kaamkaje?"

Na kila alfajiri Subilaga alijibu: "Kaamka salama."

Gwakisa aliweka kidole gumba. Sekela aliweka viganja vilivyokutana. Ambakisye alimshukuru Mungu, akanywa chai yake, akatazama taa ya kijani, akaketi. Miaka miwili ikapita namna hiyo.

Siku moja, asubuhi ya kliniki, watu wamejaa mabenchi yote na mvua inapiga mabati, taa ile ikawa nyekundu.

Jengo jipya likakatika lote. Kompyuta zikawa zinazungusha duara tupu. Simu za mezani zikanyamaza. Ambakisye aliona aibu kabla hata ya kuona hofu, maana maneno aliyosema siku ya uzinduzi yalimrudia yote. Akamwita msaidizi wake, Tusekile, mwanamke mtulivu aliyefanya naye kazi tangu siku za waya mmoja, wakavuka bustani wakikimbia kwenye mvua.

Katika korido ya chumba cha upasuaji kulikuwa na kitanda cha magurudumu. Juu yake alilala mwanamke aliyejifunika kanga hadi kwenye paji la uso. Muuguzi aliyesimama naye, Sista Ambwene, akamshika Injinia mkono.

"Injinia, tusaidie. Huyu ametapika damu tangu alfajiri. Kidonda cha tumbo. Daktari yuko tayari, tunangoja maabara watuambie kundi la damu na kama ipo ya kumtosha. Kila nikitazama, kompyuta inazunguka tu."

"Nakuja, Sista. Dakika chache."

Akampita yule mgonjwa kwa karibu sana, hata koti lake lililolowa liligusa kanga. Hakutazama. Nisikilize vizuri hapa: hata ungekuwa wewe usingetazama. Alikuwa anakimbilia kuokoa watu wote, na anayekimbilia watu wote hana nafasi ya kumtazama mmoja.

Swichi ya jengo jipya ilikuwa ndani ya kabati mwishoni mwa korido. Tusekile akafungua mlango, akamulika kwa tochi ya simu. Kila waya una kijitaa chake pale unapochomekwa. Vijitaa vyote vinne vya lile fungu vilikuwa vimezima.

"Zote nne kwa mara moja?" Ambakisye alisema. "Haiwezekani. Nani kachimba bustani?"

Tusekile alisogea karibu na nyaya. Alichuchumaa akaupangusa waya wa kwanza kwa kidole.

"Injinia, huu una vumbi mpaka kwenye kichwa. Na huu buibui amejenga mpaka kwenye tundu. Hivi vijitaa havikuzima leo."

Wakazifuata nyaya moja baada ya nyingine, na ukweli ukatoka. Wa kwanza uliliwa na panya darini. Huo Ambakisye aliujua. Aliwahi kuambiwa, akasema zimebaki tatu, hakuna shida, nitaubadilisha wiki ijayo. Wa pili ulikatwa na jembe la mafundi wa mabomba, nao waliufukia bila kusema. Wa tatu ulikuwa mzima, ila tundu lake kwenye swichi liliungua siku ya radi. Kila mmoja ulikufa kwa wakati wake, na kila mara mzigo wake ulihamia kwa zilizobaki, kama alivyozifundisha mwenyewe. Mwishowe mzigo wote wa hospitali ukawa unapita kwenye waya wa nne peke yake, kwa muda ambao hakuna aliyeujua. Asubuhi hiyo maji ya mvua yaliingia kwenye kiungio chake.

"Lakini taa ilikuwa kijani," Ambakisye alisema. "Jana nimeitazama. Kijani."

"Skrini haikudanganya," Tusekile alisema polepole. "Tuliiuliza kama fungu liko hai, nalo lilikuwa hai. Hatukuuliza limebaki na nyaya ngapi."

Ambakisye akaegemea ukuta. Kuna kitu kilimgusa ambacho hakukipatia jina. Akatoa simu mfukoni bila kujua anatafuta nini, na vidole vyake, kwa mazoea, vikafungua kundi la familia. Swali lake la alfajiri lilikuwa pale: "Mama kaamkaje?" Chini yake hapakuwa na jibu. Kabla ya hapo hakuna siku jibu liliwahi kukosekana. Na yeye hakuwa ameliona pengo hilo mpaka saa hiyo.

Akampigia Subilaga. Simu iliita mpaka ikakata.

Akampigia Gwakisa.

"Gwakisa, mara ya mwisho kwenda kwa mama ni lini?"

"Kaka, biashara ilinielemea. Lakini si Sekela yupo? Na wewe uko karibu."

Akampigia Sekela, naye alikuwa darasani, sauti za watoto zinasikika nyuma yake.

"Mimi? Kaka Amba, tangu nihamishiwe shule hii sijaweza kwenda. Nilijua ninyi wanaume wawili mnapokezana."

Hapo Ambakisye aliogopa kweli. Aliona mbele yake miaka miwili yote, na katika miaka hiyo mtu mmoja anaamka usiku kumgeuza mama, anaamka tena, anaamka tena, na alfajiri anashika simu kuandika kwamba mama kaamka salama.

Wakati huo Sista Ambwene alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa amevuka bustani mwenyewe kwa miguu na sasa anarudi akikimbia, karatasi ya maabara ameificha ndani ya gauni isilowe. Majibu yalikuwa tayari zamani. Maabara waliyatuma, wakajua yamefika. Huku walingoja, wakajua bado hayajatoka. Nyuma ya Sista alikuja mama mmoja mzee anahema, kandambili mkononi. Alikuwa jirani aliyemleta mgonjwa, na muda wote huo alikuwa mapokezi kuandikisha jina.

Yule mama alipomwona Ambakisye alisimama ghafla.

"Amba! Jamani, mwanangu, nani amekuambia?"

Ambakisye alimtambua. Alikuwa Mama Lusajo, jirani wa mama yake, ambaye ua wa nyumba yake umepakana na ua wao.

"Kuniambia nini, Mama Lusajo?"

Mama Lusajo akatazama kitanda cha magurudumu, akamtazama tena Ambakisye, akafunika mdomo kwa kiganja.

Ambakisye akatembea mpaka kwenye kitanda. Akaifunua kanga usoni kwa vidole viwili. Alikuwa Subilaga. Mashavu yamebonyea, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Mkono mmoja alikuwa ameufunga kitambaa kwenye kifundo, kitambaa kimechakaa. Baadaye walijua kwamba kifundo kile kilivunjika siku nyingi, siku mama alipomwelemea wakati wa kumgeuza, na hakikupata hata siku moja ya kupumzika.

"Alinikataza," Mama Lusajo alisema, analia. "Alisema nisimpigie mtu, mtashtuka bure. Nimemwambia mara ngapi tumbo lile aende akapimwe. Anasema akienda, mama atabaki na nani."

Subilaga akafungua macho. Hakuonekana kushangaa kumwona kaka yake. Mtu aliyechoka kiasi hicho hana nguvu za kushangaa.

"Kaka," alisema, "mama nani kamgeuza?"

Mama Lusajo akatazama chini. Alikuwa ameondoka alfajiri kwa haraka, akaurudishia mlango, akijua angerudi upesi. Kutoka alfajiri mpaka saa hiyo mama alikuwa amelala ubavu ule ule, peke yake, nyumba nzima haina mtu.

"Subi, mbona hukutuambia?" Ambakisye alisema. "Kila siku tulikuuliza."

"Mliuliza mama kaamkaje." Alipumzika kidogo kupata pumzi. "Nami niliwajibu mlichouliza."

Damu ililetwa. Wauguzi wakashika kitanda pande zote mbili. Ambakisye akakishika kwa mbele kana kwamba anataka kuingia nacho.

"Nitangoja hapa mlangoni," alisema. "Siondoki."

"Hapa wapo wenye kazi yao," Subilaga alisema. "Nenda kwa mama."

Mlango ukafungwa. Nimeambiwa alisimama pale kidogo, mtu mzima na koti lake limelowa, hajui aende au abaki. Tusekile akamwendea.

"Nenda, Injinia. Nitavuta waya wa muda kupitia verandani. Na akitoka nitakupigia."

Alikwenda. Mama Lusajo alikaa nyuma ya gari, na njia nzima mvua haikukatika. Ambakisye aliendesha akiwa amegawanyika. Nusu yake ilikuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, nusu ilikuwa kwenye kitanda cha mama. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuona barabara ndefu kama ile, na ndiyo barabara aliyoikwepa miaka miwili kwa sababu ya kazi.

Nyumba ilikuwa kimya. Kwenye kona ya sebule kulikuwa na cherehani ya Subilaga, imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa kumepangwa mashuka yaliyokunjwa vizuri. Alisimama akitazama cherehani ile. Ndugu yake alikuwa amehamia huku na kuacha kazi yake, na hakuna aliyemwuliza anakula nini.

Mama alikuwa amelala ubavu wa kulia, uso ukutani. Shuka lilikuwa limelowa. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa kitanda, vidole vimekakamaa, maana tangu asubuhi alikuwa akijaribu kujigeuza mwenyewe na hakuweza.

Ambakisye hakujua maji ya moto yako wapi. Hakujua mafuta ya kumpaka yanawekwa wapi, wala shuka la kutandika ni lipi kati ya yale yaliyokunjwa. Mama Lusajo ndiye aliyemwonyesha kila kitu. Alikuwa mgeni katika nyumba aliyozaliwa, na alijisikia vibaya kiasi cha kutaka kuketi chini alie, lakini hapakuwa na muda wa kulia.

Maji yalipokuwa jikoni, simu iliita. Alikuwa Tusekile.

"Ametoka. Kidonda wamekiziba. Daktari anasema atakaa hapa muda mrefu, na akitoka asinyanyue kitu kizito, pengine maisha yake yote. Lakini yuko hai, Injinia. Kama Sista angechelewa zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Ambakisye akashukuru. Akafuta uso kwa kanga ya jikoni, akabeba beseni, akarudi chumbani.

Alipitisha mkono mmoja chini ya bega la mama na mwingine chini ya nyonga. Mikono ilikuwa imesahau. Alimvuta vibaya, mama akaguna. Akaanza upya, taratibu, akiongea naye kama zamani, mpaka mwili ukakubali ukageuka. Uso wa mama ukatoka ukutani ukamwelekea.

"Subi?" mama aliita, macho bado hayajaona vizuri.

"Ni Amba, mama."

Mama akamtazama muda mrefu. Tangu kiharusi, neno moja lilimchukua dakika nzima kulikusanya. Ambakisye alimwona anahangaika, mdomo unatafuta, akainama amkaribie. Alidhani mama atamlaumu. Alikuwa tayari kulaumiwa, tena alitaka.

Mama hakuwa na lawama. Alikuwa na swali. Kumbe katika miaka yote ile, amelala pale anatazama dari, alikuwa akiwahesabu.

"Zamu... yako?"

Ambakisye akaushika ule mkono uliokakamaa, akaanza kuukunjua kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo, mama," alisema. "Zamu yangu."

Funzo: Usiulize tu kama mzigo umefika salama, uliza leo ni nani aliyeubeba, na kama zamu ilikuwa yako, ondoka uende.